Jiwe la Mugere twalionyesha wageni, Buyenzi na Rumonge twazipita

Msafiri anayetoka Nyanza-Lac au Rumonge kuja Bujumbura, akifuata barabara ya kando ya ziwa, hupita Mugere pasipo kugeuza shingo. Basi limejaa, magunia ya ndagala yananuka, na kila mtu anawaza namna atakavyofika mjini kabla ya giza. Lakini hapo Mugere, kama kilometa kumi hivi kabla ya kuingia mjini, mkono wa kulia, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Ni moja ya mahali pachache pa historia karibu na Bujumbura ambapo mgeni kutoka Ulaya hupelekwa kupiga picha.

Kwanza tusahihishe kosa ambalo watu wengi hulirudia. Wazungu hao wawili hawakukutana Mugere. Walikutana Ujiji, katika Tanzania ya leo, mwezi huo huo, kisha wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia. Hapo Mugere walilala kama wageni wa Mukamba, mtawala wa sehemu hizi ambazo wasafiri wa zama zile waliziita Uzige.

Sasa, ndugu msomaji, jiulize mtumbwi ule ulikuwa wa nani. Stanley mwenyewe ameandika kwamba waliuazima kwa Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji. Waliopiga makasia walikuwa Wajiji 16, watu walioijua kila hori na kila upepo wa ziwa hili. Chakula kilipikwa na mpishi aitwaye Ferajji. Hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa jiweni, wala Mukamba mwenyeji wao aliyewapa mahali pa kulala na chakula.

Sisemi jiwe ling'olewe. Libaki, na linastahili kutunzwa. Ninachosema ni kwamba safari ile ilikuwa safari moja tu kati ya maelfu, na waliokuwa wakisafiri njia ile kila siku ndio walioujenga mji huu wa Bujumbura. Mahali walipoishi bado papo. Pana watu, pana misikiti, pana gereji na magenge ya mboga. Ila hapana kibao hata kimoja kinachomweleza mpita njia kilichotokea. Na jambo hilo si la watalii peke yao. Linamgusa aliyerudi kutoka Mishamo au Katumba, na linamgusa anayevuka kila wiki kwenda Uvira au Kigoma, kwa sababu wote wawili wamewahi kuulizwa swali lile lile: wewe ni wa wapi hasa?

Kabla ya mipaka kuchorwa, ziwa lilikuwa barabara. Chumvi ya Uvinza ilipakiwa kwenye mitumbwi ikasambazwa pwani zote za Tanganyika, Burundi ikiwamo. Katika soko la Ujiji watu walihesabiana kwa shanga, nazo zilikuwa na thamani yake iliyojulikana, kama leo wavunja fedha wanavyokutajia bei ya shilingi na dola kabla hujashuka garini. Mafuta ya mawese, samaki, ng'ombe, chuma na nguo vilikwenda na kurudi. Pembe za ndovu nazo zilipita. Watumwa pia walipita, na hapo sitaki kuruka, nitarudi.

Rumonge ilikuwa moja ya vituo vya njia hiyo. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe walifika hapo mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao wakauawa. Tukio hilo limeandikwa vizuri, kwa kuwa Kanisa hutunza kumbukumbu zake. Lakini muulize mtu wa Rumonge ni wafanyabiashara gani waliokuwa wameweka makazi pale, na walitoka ukoo upi, atakujibu kwa yale aliyoyasikia kwa babu yake. Hakuna daftari. Mzee akifa, karatasi hiyo nayo imeungua.

Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, hawakuanza na watu wa milimani. Walianza na askari wao, makarani, wapagazi na wachuuzi waliokuwa wakijua Kiswahili, na kituo kikawa mji kwa sababu ya hao. Wamanyema walitoka upande wa Kongo. Wabwari walitoka rasi ya Ubwari, ile inayoonekana ng'ambo siku ya anga safi. Waliongezeka Wagoma, Wajiji, watu wa Tabora, na Warundi walioshuka kutoka milimani, wakaoa, wakasilimu, wakaanza biashara. Kabila lao halikuwa moja, wala hawakutoka nchi moja. Lugha ndiyo iliyowakusanya, na kwa wengi wao dini. Warundi wa milimani wakawaita wote kwa jina moja, Abaswahili.

Jina hilo lina miba yake. Hadi leo katika Kirundi mtu akimwita mwenzake umuswahili, aghalabu hamaanishi lugha wala dini. Anamaanisha mjanja, mwenye maneno mengi, mtu wa kuhesabu naye fedha mara mbili. Nimesikia Dar es Salaam pia neno hilo likitumika hivyo hivyo, basi huenda ni ada ya majina ya watu wa mjini kila mahali.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na vita vya dunia vikaingia mara. Mwaka 1916 Wabelgiji waliichukua Usumbura, na mwaka 1921 wakapatana na Waingereza kupewa sehemu za bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Mfanyabiashara anayelalamika leo kuhusu kontena lake kukwama Dar es Salaam ajue kwamba njia hiyo ya mizigo ina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Kwa njia hiyo Wahindi na Waarabu wa Oman wakaongezeka mjini, na maduka yao yakaunda ule mtaa tunaouita hadi leo Mtaa wa Waasia.

Wabelgiji waliupanga mji kwa rangi ya ngozi. Wazungu wakakaa kwao, Waasia kwao, na Waafrika wakawekwa katika makazi mawili makuu: Buyenzi, iliyokuwa ya Waswahili, na Belge, ambayo sasa ni Bwiza. Ngagara ilikuja baadaye, ikijengwa na ile ofisi ya nyumba za Waafrika iliyoitwa OCAF kwa kifupi. Serikali ya kikoloni haikuwapenda sana watu wa Buyenzi. Walikuwa Waislamu katika nchi ambayo elimu karibu yote ilikuwa mikononi mwa misheni. Walikuwa na ndugu Kigoma na Uvira, kwa hiyo habari za nje ziliwafikia mapema. Na walikuwa na fedha kidogo, isiyotoka kwa mwajiri wala kwa chifu.

Tembea Buyenzi asubuhi moja, kama una nafasi. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, na avenyu zake zinaitwa kwa namba. Nyumba nyingi ni za matofali ya udongo, mlango wa mbele uko barabarani, na nyuma kuna ua ambamo familia tatu au nne zinapika. Mafundi wamelala chini ya magari. Gari la Bujumbura likiharibika, mara nyingi hufikishwa hapo, na kipuri ambacho hakipatikani mjini kote utakipata kwa kijana aliyekaa juu ya tairi. Adhana inasikika kabla ya honi. Soko la Ruvumera liko hapo hapo, na lilizidi kufurika baada ya soko kuu la jiji kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Yote hayo watu huyaona kama vurugu za mjini. Lakini umbo hilo la mtaa, ua, baraza, msikiti na biashara ya mlangoni, utalikuta Ujiji, utalikuta Tabora, na utalikuta Kasongo. Ni mji mmoja uliokatwa vipande na mipaka.

Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, aliwategemea sana wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura. Ushirika ule haukudumu, Wabelgiji hawakuutakia mema, lakini urafiki haukufa. Chama cha UPRONA kilipata nguvu kubwa katika mitaa hiyo, na Rwagasore alijua thamani ya watu waliokuwa wakisafiri Tanganyika na kurudi na habari za Nyerere na TANU. Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo Rwagasore akauawa kwa risasi katika hoteli moja kando ya ziwa. Kaburi lake liko juu kilimani, Vugizo, na kila mwaka viongozi hupanda kuweka mashada. Huko chini Buyenzi, ambako kazi kubwa ya kumsaidia ilifanyika, hakuna nyumba hata moja iliyowekwa alama kwamba hapa vikao vilifanyika. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa kuliko lile la Mugere. Nchi inamkumbuka shujaa, inawasahau waliompa miguu ya kutembelea.

Nimesema nitarudi kwenye watumwa. Ukweli ni kwamba misafara iliyoleta Kiswahili katika ziwa hili ilileta pia bunduki na minyororo. Rumaliza, mtu wa Ujiji aliyekuwa na nguvu kubwa kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1880, alijaribu kuingia Burundi, na Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Kila mtoto wa shule hufundishwa kwa fahari kwamba wakamataji watumwa hawakuweza kupanda milima yetu, na fahari hiyo ina msingi. Ila imezaa hitimisho lisilo la haki: kwamba Mswahili wa mjini ni mjukuu wa mkamataji. Wengi wa Wamanyema waliofika Ujiji na Usumbura walikuwa wao wenyewe watu waliotekwa, au wapagazi waliobeba pembe zisizo zao. Mjukuu wa aliyefungwa mnyororo anaulizwa leo habari za mwenye mnyororo. Makumbusho mazuri yangesema yote mawili bila kuogopa, kama Zanzibar wanavyoonyesha mahali lilipokuwa soko la watumwa. Kunyamaza hakumsafishi mtu yeyote. Kunaacha kila mmoja ajaze pengo kwa chuki yake.

Baada ya uhuru, swali la nani ni Mrundi liligeuka kuwa swali la karatasi. Sheria ya uraia ya mwaka 2000 iliweka kwamba uraia wa kuzaliwa hutoka kwa baba. Katika mtaa ambao akina mama wa Kirundi wameolewa na wanaume kutoka Uvira, Fizi au Kigoma kwa vizazi vitatu au vinne, fikiria ni watoto wangapi waliokulia avenyu moja, wakasoma shule moja, kisha mmoja akapata kitambulisho na mwingine akaambiwa alete cheti cha babu. Babu huyo alizaliwa Usumbura wakati hapakuwa na vyeti kwa mtu kama yeye.

Waliorudi kutoka Tanzania wanaijua habari hii kwa namna nyingine. Mwaka 1972, baada ya uasi ulioanza mwishoni mwa Aprili katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac na mauaji makubwa yaliyofuata nchini kote, maelfu walikimbia. Watoto wao walizaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakasoma kwa Kiswahili. Mwaka 2007 walipoulizwa wachague, zaidi ya 160,000 waliomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya 50,000 walichagua kurudi. Waliorudi Rumonge wengi walikuta ardhi yao ina mtu mwingine, na huyo mwingine mara nyingi alikuwa na karatasi ya serikali ya zamani. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilipokea kesi kwa maelfu, na katika kesi hizo mahali ambapo hati haikuwapo ilibidi kusikiliza majirani wazee. Nani alipanda michikichi hii? Kaburi lile ni la nani? Njia hii ilikuwa ikienda kwa nani?

Hayo ni maswali ya historia ya mahali, hata kama yaliulizwa mbele ya tume ya ardhi. Nchi iliyoandika habari za vijiji vyake vya ziwani ingekuwa na cha kumwonyesha mshauri wa tume zaidi ya kumbukumbu za watu wawili waliogombana. Na yule kijana aliyerudi, anayechekwa kwa Kirundi chake na kuitwa Mtanzania, asingedhani kwamba Kiswahili chake ni alama ya ugeni. Kilizungumzwa Rumonge kabla ya Mjerumani wa kwanza kufika. Ajabu ni kwamba serikali yenyewe inakifundisha shuleni tangu nchi ilipokuwa ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mtoto anajifunza kama lugha ya jirani kile ambacho ni lugha ya avenyu ya pili kutoka kwao.

Buyenzi yenyewe imelipa gharama yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza baada ya Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika mmoja baada ya mwingine, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi. Buyenzi na Bwiza zilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwisho ambamo watu wote waliendelea kukaa pamoja, mpaka Machi 1995 mapigano yalipoingia humo na maelfu wakakimbilia Uvira. Wengi walirudi baadaye. Mtaa uliochelewa kiasi hicho kugawanyika una la kufundisha, na watafiti wa nje wameshaliona.

Sasa kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Majina yanabadilika. Mwaka 2019 Gitega ilifanywa makao makuu ya kisiasa kwa sheria, na Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Mwaka 2025 mikoa 18 ikawa 5, na tarafa 119 zikawa 42. Sina ugomvi na ramani mpya. Serikali ina hoja zake za gharama na utawala. Lakini mtu ambaye karatasi ya babu yake inasema Usumbura, ya baba yake inasema mkoa mmoja, na yake mwenyewe inasema mkoa ambao haupo tena, anahitaji mahali fulani ambapo majina hayo yote yamewekwa pamoja na kuelezwa. Karani kijana wa ofisi hawezi kuyajua kwa kichwa.

Na mahali penyewe panaliwa. Kingo za mto Ntahangwa, unaopita pembeni mwa Buyenzi, zimekuwa zikimomonyoka kwa miaka mingi na kuchukua nyumba. Ziwa nalo lilipanda sana Aprili 2024, likaingia bandarini, likaingia Gatumba na katika nyumba za Rumonge. Ambapo maji hayakufika, wenye fedha wamefika: nyumba ya udongo ya mwaka wa hamsini huvunjwa na ghorofa kusimama. Siwezi kumlaumu mwenye nyumba. Paa linavuja, na hakuna aliyemwambia kwamba kuta zake ni za thamani.

Majirani wameanza, ingawa hawajamaliza. Tanzania iliweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya kupendekezwa UNESCO mwaka 2006. Njia hiyo inaanzia Bagamoyo na kwenda hadi Ujiji. Hapo inasimama, kana kwamba wafanyabiashara wa karne ile walifika ufukweni wakageuka nyuma. Mugere, Rumonge, Uvira na Kasongo ndizo hatua zilizofuata. Burundi imo katika Jumuiya, Kongo imejiunga mwaka 2022, na hakuna kinachozuia nchi hizo tatu kuiendeleza njia hiyo majini na ng'ambo yake. Burundi haina hadi sasa mahali hata pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ngoma zetu za kifalme ndizo zilizotambuliwa mwaka 2014, nazo ni sanaa, si mahali.

Lakini mambo ya UNESCO huchukua miaka, na wazee hawana miaka hiyo. Kazi ya kwanza ni rahisi zaidi: vijana wawili au watatu kwa kila avenyu, daftari na simu yenye kinasa sauti, wakiuliza nyumba hii ilijengwa na nani, alitoka wapi, alileta biashara gani. Misikiti ina majina ya waliotoa viwanja. Makaburi yana mengine. Mfanyabiashara anayekwenda Kigoma kuchukua mzigo naye ana nafasi yake, kwa kuwa mara nyingi hubidi kungoja nusu siku. Ujiji iko karibu, daladala zipo. Aende akaone makumbusho ya Livingstone na ile kumbukumbu yake ambayo sasa iko mbali na maji, kwa sababu ziwa lilirudi nyuma baada ya siku zile. Kisha atoke nje ya uzio, akae barazani kwa wazee wa mtaa, awaulize ni nani kati yao ana ndugu Buyenzi. Majibu ayaandike kabla hajapanda gari la Manyovu.